Strimu milioni 50, ukumbi wa watu 300 haujai: huyu msanii tumwite amefanikiwa?

#1 Kinanda Kimya
Wakuu, habari za muda huu.

Zamani ukiuliza fulani kafika wapi kimuziki, jibu lilikuwa jepesi: kauza nakala ngapi. Marekani nakala 500,000 ni dhahabu, milioni moja platinamu, milioni 10 almasi. Nakala moja maana yake kuna mtu katoa hela mfukoni. Leo RIAA, hao hao wanaogawa hizo dhahabu, tangu Februari 2016 wanahesabu strimu 1,500 kuwa albamu moja. Yaani watoto watatu wakirudiarudia wimbo mmoja likizo nzima wameshanunua albamu, na jina la albamu hawalijui.

Mimi nasema strimu imeharibu maana yenyewe ya kufanikiwa. Tuna wasanii wanatupostia skrinshoti za mamilioni, ukiwawekea shoo viti vinawatazama. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache mlangoni.

#2 Gitaa Bovu
Nimekaa siti ya mbele. Nasubiri madini.

#3 MzeeWaSanturi
Mleta uzi, unaipamba zamani kuliko ilivyokuwa.

Kwanza, hizo dhahabu na platinamu kwa miaka mingi zilihesabu nakala zilizopelekwa madukani. Mnunuzi aliyezitoa dukani ni habari nyingine. Mwaka 1978 wanachama wanne wa bendi ya KISS walitoa albamu zao binafsi siku moja. Lebo ikachapa mzigo wa kutisha, zote nne zikapata platinamu, halafu makatoni yakaanza kurudi. Watu wa lebo walikuwa na utani wao: mzigo umetoka platinamu, umerudi platinamu mara mbili.

Pili, mpaka 1991 chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilitegemea simu. Unapiga duka, unauliza nini kinatoka sana, muuzaji anajibu anavyojisikia au anavyokumbuka. Mei 1991 wakaanza kutumia hesabu za msimbo pau za SoundScan, na ghafla muziki wa kantri na rap ukapanda juu. Septemba ya mwaka huo huo Garth Brooks akawa msanii wa kwanza wa kantri kuingiza albamu moja kwa moja namba moja. Mashabiki hawakuzaliwa wiki hiyo. Walikuwepo, ila aliyekuwa anapokea simu hakuwa na habari nao.

Kwa hiyo namba kudanganya hakukuanza na strimu.

#4 DadaKorasi
Naongezea kwa Mzee hapo juu. Kuna CD ngapi mlinunua kwa sababu ya wimbo mmoja, mkasikiliza mara mbili, ikaenda kukaa chini ya kitanda? Ile ilihesabiwa sawasawa na CD ya mtu aliyeipiga mpaka ikaanza kurukaruka. Nakala ilipima siku moja tu, siku ya kununua. Strimu inapima miaka yote baada ya hapo. Mimi ningekuwa msanii ningetaka kujua wangapi wanarudi.

Tena albamu ya nyimbo 12 ilikuwa na nyimbo 8 za kujazia. Tuseme ukweli.

#5 Mtu wa Chati
Marekebisho madogo kwa #1. RIAA hawakuwa wa kwanza. Billboard waliingiza strimu kwenye chati ya albamu Desemba 2014, kwa hesabu hiyo hiyo ya 1,500. Mwaka 2018 wakatenganisha: strimu za wanaolipia 1,250 zikawa albamu moja, za bure zinazoambatana na matangazo 3,750. Ina maana walishakubali wenyewe kwamba sikio la bure na sikio la kulipia hayana uzito mmoja.

Na kila wakiweka kanuni watu wanaicheza. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu, Uingereza nyimbo zake 16 zikakaa ndani ya 20 bora kwa wiki moja. Chati ikageuka ukurasa wa mtu mmoja. Miezi michache baadaye wakaweka kikomo cha nyimbo tatu kwa msanii. Drake naye 2018 akaja na Scorpion yenye nyimbo 25, ikawa albamu ya kwanza kupata strimu bilioni moja ndani ya wiki. Nyimbo 25! Kila wimbo wa ziada ni sehemu nyingine ya kuvunia strimu.

#6 Kolokolo
Mbona Psy alikuwa namba moja Marekani 2012 na Gangnam Style kwa nguvu ya YouTube tu? Hapo hatukulalamika.

#7 Mtu wa Chati
Hakuwa namba moja mkuu. Alikwama namba mbili kwa wiki saba. Video yake ilikuwa ya kwanza YouTube kufikisha bilioni moja, Desemba 2012, lakini Billboard walikuwa bado hawahesabu YouTube kwenye Hot 100, chati yao ya nyimbo. Walianza Februari 2013, na wiki hiyo hiyo Harlem Shake ya Baauer ikaingia moja kwa moja namba moja. Wengi wa waliofanya iingie hawakuwa wakitazama video ya Baauer. Walikuwa wanatazama video za watu wengine wakijirusha kwa nusu dakika, na mdundo wake ukiwa chini yake.

Psy alikosea kalenda tu.

#8 Kolokolo
Sawa mwalimu. Nakaa.

#9 fundi_mitambo
Niongee upande wa mitamboni maana huko ndiko ninakoshinda.

Spotify wanahesabu strimu mtu akifika sekunde 30. Akiruka sekunde ya 29 hujapata kitu. Hizo sekunde 30 ndizo bosi wa studio siku hizi. Majuzi nilikuwa na mteja, wimbo mzuri kabisa, gita linaanza peke yake, taratibu, halafu ngoma zinaingia. Kakaa kwenye kiti, simu mezani, saa inahesabu. Sauti yake inaingia sekunde ya 19. Akanigeukia: "Fundi, hapa watu wameshasepa." Tukakata gita nusu. Akasikiliza tena, akatikisa kichwa. Mwisho kibwagizo tukakibeba mzimamzima mpaka mwanzo, kinaanza sekunde ya 4, ubeti wa tatu tukautupa. Wimbo umetoka una dakika 2 na sekunde 6. Lile gita lipo kwenye faili la mradi, nalisikiliza mwenyewe nikichoka.

Na mteja hakuwa mjinga. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipima nyimbo za kumi bora za Marekani kuanzia 1986 hadi 2015. Utangulizi wa ala kabla ya sauti ulikuwa unazidi sekunde 20, ukashuka mpaka sekunde 5 hivi. Old Town Road ya 2019 ina dakika 1 na sekunde 53, ikakaa namba moja wiki 19.

#10 Mtu wa Chati
Hilo ni toleo la kwanza, fundi. Lile aliloshirikishwa Billy Ray Cyrus ni dakika 2 na sekunde 37, na ndilo lililobeba wiki nyingi.

#11 fundi_mitambo
Haya. Bado ni fupi.

#12 MzeeWaSanturi
Fundi, na wimbo wa dakika tatu mnaoulilia ulitoka wapi? Santuri ya mizunguko 78 ya inchi 10 ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Ukitaka kuimba dakika sita, unakatwa katikati na mtu anageuza upande. Halafu CD ikaja na dakika 74, kila msanii akaona lazima azijaze, ndipo tukapata hizo za kujazia alizosema DadaKorasi. Chombo ndicho kinachokata nguo, msanii anavaa.

#13 BintiMdundo
Mnaongelea sekunde, mimi naongelea hela. Spotify wanalipa dola 0.004 kwa strimu. Milioni moja ni dola 4,000. Igawe na lebo, prodyuza, meneja. Huyo wa strimu milioni 50 wa mleta uzi huenda bado anapanda daladala na sisi.

#14 Sauti ya Pili
Dada, hiyo 0.004 ni wastani ambao watu wanaupiga baadaye. Hakuna bei ya strimu. Mapato ya nchi yanawekwa fungu moja kila mwezi, takriban theluthi mbili zinakwenda kwa wenye haki, na kila mmoja anapata kulingana na sehemu yake ya strimu zote. Mwezi ambao staa mkubwa katoa albamu, wewe unaweza kuwa na strimu zile zile za mwezi jana na fungu lako likapungua. Hukukosea kitu. Mtu mwingine kala sahani kubwa tu.

Na wengi hata hilo fungu hawaligusi. Tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kwenye mirabaha ya kurekodi ya Spotify. Kampuni ya Luminate ilifuatilia nyimbo milioni 184 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 45 kati yake hazikupigwa hata mara moja mwaka mzima. Hata mama wa msanii hakubonyeza.

#15 Gitaa Bovu
Hata mama 😂😂 Hapo umeua mkuu.

#16 BintiMdundo
Asante Sauti ya Pili, nimeelewa hesabu. Lakini hujanijibu. Kama hela haipo, mafanikio yako wapi? IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi duniani, wanasema 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani na strimu ni asilimia 69 yake. Hela ipo. Iko wapi?

#17 Sauti ya Pili
Iko kwa mwenye masta (rekodi yenyewe) na mwenye katalogi (mkusanyiko wa haki za nyimbo). Ndiyo maana Desemba 2020 Bob Dylan aliuza haki za utunzi wake kwa Universal, na Springsteen 2021 akauza za kwake kwa Sony. Hakuna anayemwaga hela hivyo kwa kitu kilichokufa. Mafanikio ya sasa ni kumiliki, kwa maoni yangu. Msanii mwenye strimu laki tano kwa mwezi na masta zake mkononi, mimi namweka juu ya mwenye milioni tano anayelipa deni la lebo.

#18 Nungunungu
Naomba niwaharibie mazungumzo. Nyie nyote mnaamini kwamba strimu ni mtu anasikiliza.

Wimbo wangu uliingizwa kwenye pleilisti nisiyoijua, sikulipa, sikuomba. Naamka nafungua dashibodi, mstari wa grafu umesimama wima. Nikaita watu ndani waje waone. Tukashangilia. Halafu dada yangu, ambaye hata muziki hafuatilii, akauliza: "Mbona wote wako mji mmoja?" Kweli. Karibu wote mji mmoja wa nchi ambayo sina shabiki wala ndugu. Walioingiza wimbo kwenye pleilisti zao: hakuna. Walioufuata ukurasa wangu: hakuna. Baadaye msambazaji wangu akaniandikia kwamba ni strimu bandia, wimbo umeshushwa, na nimekatwa pesa juu yake. Nilikuwa mtu maarufu kwa roboti.

Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimfungulia kesi mtu wa North Carolina wakidai alitengeneza nyimbo laki kadhaa kwa akili mnemba, akazipigisha kwa akaunti za roboti na kuvuna zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha. Nyimbo zisizo na mwimbaji, zinasikilizwa na wasio na masikio, na hela zinatoka kwenye lile fungu letu la #14.

#19 Kolokolo
Vulfpeck walifanya bila roboti. 2014 walitoa albamu ya kimya kitupu, nyimbo kumi, kila moja nusu dakika na ushee, wakawaambia mashabiki waipige usiku kucha wakiwa wamelala. Wakapata kama dola 20,000 kabla Spotify hawajaishusha, wakafanya ziara ya kiingilio bure. Hao ndio waliofanikiwa kuliko wote, tufunge uzi.

#20 Mtu wa Chati
Kolokolo leo umeleta jambo la kweli, tuandike tarehe.

Kwa Nungunungu: pole. Kuna na namba ambazo si bandia wala si za kweli. Julai 2019 rapa wa India, Badshah, alitangaza video yenye watazamaji milioni 75 ndani ya saa 24, wengi kupitia matangazo ya kulipia. Septemba YouTube wakabadilisha kanuni, matangazo hayahesabiwi tena kwenye rekodi za saa 24. Waliotazama walikuwa watu wenye macho. Ila hawakuchagua kutazama.

#21 MzeeWaSanturi
Turudi kwenye ukumbi, maana swali la uzi lilikuwa ukumbi.

Grateful Dead walizunguka miaka 30, kumbi zinafurika, watu wanaacha kazi kuwafuata mji kwa mji. Wimbo wao ulioingia kumi bora Marekani ni mmoja, Touch of Grey, 1987, namba tisa. Ukiwapima kwa chati ni bendi ya wimbo mmoja. Upande wa pili, The Black Keys, majina makubwa, Grammy kabatini, wasikilizaji wa mamilioni kila mwezi, 2024 walifuta ziara nzima ya kumbi kubwa Amerika Kaskazini.

Kwa hiyo kusikilizwa na kufuatwa ni vitu viwili, na vilikuwa viwili hata kabla ya intaneti. Redio ilitupigia nyimbo za watu ambao tusingevuka barabara kwenda kuwaona.

#22 Kinanda Kimya
Mzee, hiyo ya redio naikubali nusu. Redio ilikupigia ukajua jina. Mtangazaji alilitaja. Leo wimbo unakuja kwenye pleilisti ya kulalia, ya mazoezi, ya kusomea, unapita, unafuatwa na mwingine wa aina hiyo hiyo. Muulize msikilizaji nani kaimba. Hajui, na hana sababu ya kujua. Anasikiliza usingizi wake. Huyo ndiye msikilizaji wa mwezi mnayemhesabu, mtu aliyepitiwa na wimbo mara moja ndani ya siku 28.

Adele alitoa albamu yake iitwayo 25 Novemba 2015 akaizuia isistrimiwe, akauza nakala milioni 3.38 Marekani wiki ya kwanza. Kila aliyenunua alijua anamnunua nani.

#23 DadaKorasi
Adele ni Adele bwana. Chukua msanii ambaye hana jina umwambie azuie strimu, atazuia na nani atagundua?

Halafu angalia upande ambao nakala hazikuuweza kabisa. Running Up That Hill ya Kate Bush ilitoka 1985, Uingereza ikafika namba tatu, ikapumzika. 2022 ikatumika kwenye tamthilia, watoto wakaitafuta usiku huo huo, ikapanda namba moja baada ya miaka 37. Enzi za CD ungeenda dukani ukaambiwa haipo, agiza. Chappell Roan: Pink Pony Club ilitoka 2020, lebo ikamtema mwaka huo huo. Wimbo ukabaki pale pale kwenye simu za watu, ukaja kulipuka 2024. Zamani singo isipouza wiki sita za kwanza ilikuwa imezikwa.

Kwangu mimi kilichobadilika ni muda. Mafanikio hayana tena wiki ya kwanza.

#24 Mtu wa Chati
Ila kwa #23, hiyo hiyo ndiyo inawabana wapya. Marekani muziki uliozidi miezi 18 tangu utoke unachukua zaidi ya asilimia 70 ya usikilizaji. Chipukizi wa leo anashindana na kila mtu aliyewahi kurekodi, wakiwemo marehemu. Marehemu hawachoki kufanya promo.

#25 Gitaa Bovu
Mnasahau kitu kimoja. Bila strimu, sisi wa mbali tungeonekana lini? Wimbo wa kwanza kufika bilioni Spotify ni One Dance, 2016, na Wizkid yumo ndani. Calm Down ya Rema na Selena Gomez ilivuka bilioni 2023. Wakati wa CD nani angesambaza makontena ya Afrobeats dunia nzima? Nawasubiri.

#26 Kinanda Kimya
Hiyo ni hoja. Sina jibu la haraka kwake. Bado ukumbi haujajaa.

#27 BintiMdundo
Na mimi swali la pembeni. Kama nasikiliza msanii mmoja tu mwezi mzima, ada yangu inakwenda kwake?

#28 Sauti ya Pili
Kwa huduma nyingi hapana, inaingia fungu la wote. SoundCloud walianza 2021 mfumo wa kugawa ada ya kila shabiki kwa wale anaowasikiliza yeye, kwa wasanii wanaojitegemea. Ungehamisha hela kutoka kwa wanaopigwa na watu wa kukesha na simu kwenda kwa wenye mashabiki wachache wanaong'ang'ania. Nipsey Hussle alishaonyesha njia hiyo bila huduma yoyote: 2013 alitoa nakala 1,000 za Crenshaw kwa dola 100 kila moja, wakati nyimbo zenyewe zilikuwa bure mtandaoni. Zikaisha. Jay-Z peke yake alichukua 100.

#29 fundi_mitambo
Mfumo huo ukija, wateja wangu watataka wimbo wa dakika 9 shabiki asitoke. Kompyuta yangu haitaweza.

#30 Nungunungu
Kuna aliyewahi kukata rufaa kwa msambazaji akarudishiwa wimbo? Mimi nimejibiwa na mashine mpaka sasa.

#31 Sauti ya Pili
Yupo ninayemfahamu. Piga skrinshoti ya hiyo pleilisti kabla hawajaifuta, tarehe ionekane, na ile ya miji. Waandikie kwamba hukununua promo kokote na uombe wimbo urudishwe kwa msimbo ule ule wa ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi), usije ukapakia upya ukaanza sifuri. Ukikwama njoo PM.

#32 Kolokolo
Kabla hajarudisha, ule mji wa roboti ni upi? Nina wimbo nao unatafuta mashabiki.